Mama Damu

Majina ya watu yalimpotea upesi, lakini damu zao hazikumpotea kamwe. Ulikuwa ukipita naye kwenye soko la Kagoma, anakutana na mama muuza dagaa aliyemwona mara moja tu miaka mingi iliyopita. Anasimama, anakunja uso kulitafuta jina, halipati, kisha uso unamfunguka: "B chanya! Hujambo wewe? Na kaka yako, yule AB, mguu ulipona?" Mama wa dagaa anacheka hadi anashika kiuno. Sisi tuliofuatana naye tunatazama pembeni kwa aibu. Yeye hakuona cha kuonea aibu. Kwake mtu alikuwa ametambulishwa vizuri kabisa.

Nimemfahamu kwa karibu maisha yangu yote ya kazi. Mimi nilikuwa mkunga katika hospitali moja ya misheni wilayani Muleba, na yeye alikuwa mkuu wa maabara na wa benki ya damu, ambayo aliianzisha mwenyewe mahali palipokuwa stoo ya magodoro. Nyumba zetu za watumishi zilipakana. Aliniita Mkunga hata tulipokuwa tumekaa wawili tu tukimenya ndizi, nami nilimwita Daktari. Nje ya geti la hospitali, kuanzia Muleba hadi Bukoba mjini, kila mtu alimwita Mama Damu.

Udaktari wake ulikuwa wa kusomea sayansi, si wa kutibu, na alipenda kuwakumbusha watu hilo. Mtu akimsimamisha njiani amweleze maumivu ya mgongo, alimkatiza kwa neno la heshima la Kihaya: "Mimi hata mafua siyajui, waitu. Nenda kwa wenye vipimo vya mgongo." Alisoma Kampala, kisha akaenda Ulaya, na huko kwa miaka mingi alisoma jambo moja tu: kwa nini damu ya mtu huyu huikubali damu ya yule na kuikataa ya mwingine. Wenzake aliosoma nao walibaki huko. Niliwahi kumwuliza kwa nini alirudi. Akaniambia kwamba huko kila mtu alikuwa amekwisha pimwa. "Huku nilikuta watu wazima, wana wajukuu, hakuna aliyewahi kuitazama damu yao. Ni kama kupewa kibanja ambacho hakijawahi kuvunwa."

Akakivuna kweli. Alizunguka na deli la barafu begani, Ijumbi, Kagoma, hadi Maruku kule upande wa Bukoba, akiomba watu damu kidogo tu ya kupima. Alikuwa wa kwanza katika sehemu zetu kujua ni familia zipi zina damu hasi, ile inayowafanya kina mama wengine wazae mtoto wa kwanza salama kisha wanaofuata wafe tumboni. Kabla yake, mama wa namna hiyo alisemwa kuwa amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Nilimsikia akimweleza mama mmoja mwenye damu hiyo, aliyekuwa ametoka tu kujifungua mtoto wa kwanza, huku amemshika mikono yote miwili: "Mae, mama yangu, damu yako humwona mtoto kama mgeni aliyeingia bila hodi. Haina ubaya, haijui tu. Safari hii tutaitangulia kuiambia." Na safari hiyo yule mama alichomwa sindano inayotakiwa, na mimba iliyofuata nilimzalisha mimi mwenyewe, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali, mbishi, na mchoyo wa sukari. Chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani. Alikuwa akiendesha gari la hospitali katikati ya barabara kana kwamba wengine wote wameiazima tu kwake, na padre mmoja aliyepanda naye kutoka Bukoba alishuka Muleba akasema hajawahi kusali rozari kwa moyo namna ile. Vijana wa maabara waliweza kumtambua kwa kishindo cha viatu, na kijana aliyekutwa amebandika lebo kwenye chupa kabla ya kuijaza alitolewa nje mchana kweupe mbele ya wagonjwa.

Halafu, mwanamke huyu aliyeshika damu kutwa nzima hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Sikukuu zilipofika aliniletea jogoo wake amefungwa miguu, akamweka kwenye baraza yangu, akakimbilia kwake na kufunga mlango. Nilikuwa nasikia redio yake imefunguliwa kwa sauti kubwa ili asisikie. Nikimaliza namwita. Anatoka polepole, anauliza kutoka mbali, "Amekwisha?" Nilimtania sana. Akajibu kwamba damu ya maabara imetolewa na mtu aliyekubali, na kuku hakuulizwa.

Kukubali kwa mtu kulikuwa jambo kubwa sana kwake. Miaka ya mwanzo watu walimwogopa. Walisema ni mumiani, anauza damu ng'ambo. Watoto walikuwa wakiliona lile deli wanatawanyika kama vifaranga. Siku moja ya soko pale Kagoma akatandika mkeka, akaweka benchi, akamwambia msaidizi wake amtoe damu yeye mwenyewe, hadharani. Akajilaza, mkono umenyooshwa, mkono wa pili ameshika glasi ya juisi ya ndizi. Watu wakazunguka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mumiani huyo!" Mzee wa makamo aliyekuwa akiuza majembe akauliza kwa sauti, kwa Kihaya, "Mumiani gani anajinyonya mwenyewe?" Soko likaangua kicheko. Mama Damu naye akacheka mpaka msaidizi akamwomba atulie sindano isichomoke. Yule muuza majembe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kwenye benchi baada yake, na aliendelea kutoa damu mpaka umri ulipomzuia.

Makanisani alikuwa akisimama baada ya misa, na misikitini Bukoba mjini alizoea kuomba ruhusa kwa wazee asubiri nje baada ya swala ya Ijumaa. Lakini kilichowaudhi watu ni alipokwenda kuomba damu msibani. Kuna mama alikufa kwetu kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Tulikwenda kumzika. Padre alipomaliza, Mama Damu akasogea mbele, akaomba dakika chache. Wanaume wakaanza kunung'unika, mmoja akasema hana adabu. Yeye akangoja wanyamaze. Akasema, "Sikuja kuwaongezea uchungu. Nimekuja kwa sababu kesho kutwa atakuja mwingine kama huyu, na friji langu halina kitu. Huyu hatarudi. Yule bado yuko nyumbani kwake anapika." Wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa kaka wa marehemu. Kuanzia siku hiyo kile kijiji hakijawahi kutunyima damu.

Huyo marehemu ndiye aliyetugombanisha sisi wawili, na ugomvi wetu ulikuwa mkubwa. Aliletwa mchana, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu, nguo zimelowa. Nilituma mtu mbio maabara. Sheria ya Mama Damu ilikuwa kwamba hakuna chupa inayotoka mlangoni kwake bila kulinganishwa kwanza na damu ya mgonjwa, na kulinganisha kunachukua muda. Nilikwenda mwenyewe dirishani. "Daktari, nipe chochote, anakwisha!" Akasema bila kuinua macho kwenye mirija, "Nikikupa chochote naweza kumwua mimi." "Anakufa hata hivyo!" "Ngoja, Mkunga." Nikangoja. Chupa ilipotoka nilikimbia nayo, lakini nilipofika wodini walikuwa wamekwisha mfunika uso.

Nilirudi pale dirishani nikamwambia maneno makali, mbele ya watu. Kwa wiki kadhaa hatukusemezana, watu wawili ambao nguo zao zilining'inia kwenye kamba moja. Hakuna anayejua kama dakika zile zingemwokoa yule mama; daktari wa zamu alisema huenda alikuwa amekwisha chelewa tangu nyumbani. Huenda.

Kisha asubuhi moja nikamwona anakuja wodi ya wazazi, nyuma yake vijana wawili wamebeba friji dogo. Lilikuwa friji la nyumbani kwake, lile alimoweka maziwa na samaki. Amelisugua hadi limeng'aa, ameweka kipimajoto ndani, na chupa mbili za O hasi, damu ambayo karibu kila mtu anaweza kupewa bila kusubiri. Akaonyesha soketi ya ukutani, akalichomeka, akasikiliza linavyonguruma. Akaniambia, "Hizi huniulizi. Ukiona mama anakwisha, chukua, tundika, ndipo uniite. Nitakuwa nazirudisha kila ukizitumia." Basi. Radhi hakuomba, na mimi sikuwa na haja nayo tena. Tangu siku hiyo maziwa yake yalikaa kwangu, na sheria aliyoilinda kama mboni ya jicho alikuwa ameivunja mwenyewe kwa kupima vizuri mahali pa kuivunjia.

Alikuwa pia na jambo moja ambalo madaktari wengine hawakulielewa. Alikataa kabisa damu kutumika kuamulia mambo ya ndoa. Alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba mjini, mtu wa heshima zake, gari zuri. Nilikuwa nimekaa maabara nikisubiri majibu ya wagonjwa wangu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Nina watoto watatu," alisema. "Nataka uwapime damu, na mimi, na mama yao."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi."

"Kuna anayehitaji kuongezewa damu?"

"Hapana. Nataka tu kujua kama ni wangu."

Mama Damu akavua miwani. "Umepotea njia, waitu. Mimi napima damu ya kumwingiza mtu uzimani. Damu ya kumtoa mtu nyumbani sipimi."

"Basi nitakwenda Mwanza."

"Nenda. Mwanza ni mbali, utapata nafasi ya kufikiri."

Sijui kama alikwenda. Alipotoka nilimwuliza Daktari kama huko si kuficha ukweli, yeye ambaye angemfukuza kijana kazi kwa kuandika jibu asilolipima. Akasema kuna tofauti kati ya kusema uongo na kutojibu swali ambalo mwenye kuuliza hajui uzito wake. Kisha akaongeza, akirudisha miwani, kwamba watu wanadhani makundi ya damu ni manne tu kwa sababu kwenye kitabu cha shule yameandikwa manne. "Siku moja hayo manne yataua mtu," alisema.

Nusura yaue kweli, na ilikuwa Ijumbi.

Kulikuwa na mkulima wa kahawa na mkewe, watu wapole, mtoto wao mmoja. Mtoto akashikwa na malaria kali, damu ikapungua, akaletwa kwetu. Mama Damu alikuwa safarini. Kijana wa zamu akapima wazazi wote wawili, kutafuta wa kutoa. Baba O, mama O. Mtoto B. Kijana akamtafutia mtoto damu ya B kutoka kwenye akiba, mtoto akapona, mambo yangeishia hapo. Lakini kijana alikuwa na mdomo mwepesi, akayataja makundi yote mbele ya dada wa yule mkulima, aliyekuja kumwona mgonjwa. Dada huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti. Kisha akasema, wodi yote ikasikia: "Nimesoma mimi. O na O hawazai B."

Walipofika nyumbani hakukuwa na mjadala. Yule mama alitolewa nje na vitu vyake, mchana, majirani wakiwa njiani kutoka shamba. Wifi yake ndiye aliyembebea sanduku hadi barabarani ili ahakikishe limeondoka. Mtoto alibaki kwa baba. Mama akarudi kwao, Kagoma.

Mama Damu aliporudi akasikia. Kwanza alikwenda kwa yule kijana, na sitayaandika aliyomwambia. Pili akaja kwangu, hata hakuketi. "Mkunga, vaa viatu. Twende Ijumbi."

Tulimkuta mkulima kwenye migomba yake, anakata majani makavu kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Mtoto alikuwa amekaa chini ya mgomba akichezea ganda la kibuyu. Mama Damu akamsalimu kwa Kihaya kwa heshima zote, akamwuliza habari za kahawa, akamwuliza za ndizi. Ndipo akasema, "Nimekuja kukuomba damu yako kidogo."

"Mmekwisha ipima," alisema. "Nimeona faida yake."

"Waliipima kijuujuu. Nataka kuiuliza swali ambalo hawakuiuliza."

"Na ikijibu vilevile?"

"Ikijibu vilevile nitakuja kukuambia vilevile, mimi mwenyewe, hapahapa."

Nadhani mkulima alitaka kukataa. Alitazama upande wa mtoto, kisha akachomeka panga kwenye shina la mgomba na kukunja mkono wa shati.

Tulipofika maabara akaniita niangalie, kwa sababu alitaka tone la damu yangu. Mimi ni O. Alieleza kwamba maji ya damu ya mtu wa O hayagombani na chembe za mtu mwingine wa O. Hao ni ndugu. Akachanganya maji ya damu ya yule mkulima na chembe zangu, akatikisa mrija taratibu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Hata mimi nisiyejua kazi hiyo niliona. Damu yangu ilikuwa imeshikana mafundo mafundo, kama uji uliokorogwa vibaya.

"Ananikataa?" niliuliza.

"Anakukataa. Anaikataa O. Huyu si O, Mkunga. Huyu hajawahi kuwa O." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaketi.

Alinieleza, na baadaye alikwenda kuwaeleza wao, kwa mfano wa nyumba. Damu ya B ni rangi inayopakwa ukutani. Ili rangi ishike lazima kuwe na ukuta uliopigwa plasta. Yule bwana alizaliwa na rangi ya B mfukoni, lakini damu yake haina plasta, kwa hiyo rangi haikuwa na pa kushika. Ukimpima haraka unaona ukuta mtupu, unaandika O. Mtoto alirithi rangi kutoka kwa baba na plasta kutoka kwa mama, ikashika, ikaonekana. Ni damu adimu sana, vitabuni imepewa jina la mji mmoja wa India ilikoonekana mara ya kwanza. Aliandika kwa rafiki zake wa masomoni wamtumie dawa ya kuhakikisha, inayotokana na mbegu za kichaka fulani cha miiba cha Ulaya, na ilipofika ikasema yaleyale. Wenzake wa nje walifurahi sana, wakamtaka aandike, aje aeleze. Aliandika baadaye. Kwanza alitaka kwenda Ijumbi.

Alichagua Jumapili baada ya misa, kwa sababu mama yule alifukuzwa mbele ya watu. Akasimama uani kwa mkulima, majirani wamejaa, akaeleza habari ya ukuta na rangi. Akamaliza hivi: "Mtoto ni wa baba yake. Ushahidi uko kwenye mkono wa baba yake, tangu alipozaliwa."

Dada mtu, mwalimu, akasema kitabu hakisemi hivyo.

"Kitabu chako ni kizuri," Mama Damu alimjibu bila ukali. "Kimeishia mapema tu. Na wewe nipe damu, mwalimu. Ninyi ni baba mmoja mama mmoja."

Mwalimu alikataa mbele za watu. Kesho yake akaja maabara peke yake. Naye hakuwa na plasta.

Mkulima alitaka kwenda Kagoma siku ileile kumchukua mkewe. Mke alituma jibu: alifukuzwa mchana, watu wakitazama, basi aje amchukue mchana, watu wakitazama. Akaenda na wazee wake na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti kwenye ua wa wakwe zake. Waliniambia kwamba mkewe alimwacha apige magoti hadi kivuli cha nyumba kikamfikia, ndipo akatoka na sanduku lake. Alilibeba mwenyewe. Hakumruhusu mtu alishike.

Mama Damu aliwaita ndugu wale wawili akawaambia jambo ambalo lilikuwa zito kuliko habari ya ndoa. "Mkiumia, friji langu haliwezi kuwasaidia. Damu yangu yote iliyomo humo itawaua. Kila mmoja wenu ndiye benki ya mwenzake. Msikosane tena mpaka msisemezane, kwa maana hamna ndugu mwingine duniani ninayemjua mimi."

Mwalimu alipopata ujauzito, aliletwa kujifungulia kwetu kabla ya siku zake, kwa amri ya Mama Damu. Akatokwa damu nyingi. Aliyekuwa akimzalisha nilikuwa mimi. Kwa mara ya kwanza lile friji dogo la wodini lilikuwa kama kabati tupu, sikuthubutu kuligusa. Mama Damu alikuwa amekwisha tuma pikipiki Ijumbi. Kaka mtu akafika, amekaa nyuma, na aliyekuwa ameketi nyuma yake kabisa, ameshika deli la uji, alikuwa mkewe. Damu ikatolewa, ikalinganishwa, ikakubali. Mama Damu alikuja nayo mwenyewe wodini akitembea haraka, anahema, akaitundika kwa mikono yake.

Mwalimu alipopata nguvu ya kugeuza kichwa alimwona wifi yake kwenye kiti, anakoroga uji. Akaanza kulia. Yule mke wa mkulima hakumwambia maneno makubwa. Alisema, "Kunywa kabla haujapoa," akamwekea kijiko mdomoni. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo amekwisha maliza shule.

Mama Damu alistaafu akahamia Maruku, kwenye kibanja karibu na kituo cha utafiti wa migomba na kahawa. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba, aliuchukulia kama alivyochukulia kila kitu. Akawa anachoma panga lake kwa moto kabla ya kuhama kutoka shina hadi shina. Majirani walimwona ameanza kuzeeka vibaya. Migomba yao ilipokauka na yake ikabaki, walikuja na mapanga yao, naye aliwafundisha, akiwafokea.

Mwaka huu nimekwenda kumtembelea. Nami nimestaafu, magoti yananisumbua. Nilimkuta amepungua, macho hayaoni vizuri, anatafuna akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani ya viungo ambazo kwetu mgeni hupewa kwanza, na akanisukumia kibakuli chake. Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna uchangiaji damu Bukoba mjini, karibu na msikiti, baada ya swala. Alikuwa amekwisha vaa.

"Nipeleke, Mkunga. Nikatoe."

Nilijua hawatamkubali. Nilimpeleka.

Chini ya turubai kulikuwa na viti vya kulalia na msichana wa maabara, amevaa hijabu na koti jeupe, mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wetu. Alimtazama Mama Damu na fimbo yake. "Bibi, shikamoo. Samahani, umri umepita. Hatuwezi kukutoa."

"Nani amesema?"

"Ndiyo taratibu, bibi. Wakubwa waliziweka."

Mimi nikafungua mdomo nimweleze binti ni nani hasa aliyekaa na hao wakubwa kuziandika taratibu hizo. Mama Damu akanifinya mkono. Akasema, "Sawa, mama," akatafuta kiti akakaa, kando ya kijana mmoja wa kanzu aliyekuwa amelala akisubiri sindano, jasho limemtoka. Akamshika mkono wa pili, kama alivyowashika kina mama wodini. Akamwuliza anafanya kazi gani. Kijana akasema anauza vipuri vya baiskeli. Akamwuliza kuhusu spoku na minyororo, maswali mengi, hata yule kijana akasahau alikokuwa amelala.

Binti akaja na mfuko na sindano. Karatasi ya kijana alikuwa nayo mkononi, jina limeandikwa waziwazi. Hata hivyo hakulisoma. Alisema, "Kaka, nitajie jina lako kamili." Kijana akalitaja. Binti akalinganisha na karatasi, akalinganisha na mfuko, ndipo akafunga mpira mkononi.

Mama Damu aliniinamia. "Umesikia? Amemwuliza, hakumsomea." Alinong'ona kwamba zamani tulikuwa tunasoma jina na mgonjwa anaitika. Sisi watu wa huku tuna adabu. Mwenye koti jeupe akikuita hata kwa jina la mtu mwingine, unasema naam, na damu isiyo yako inakuingia. Alipigana miaka mingi, hospitali hadi hospitali, watu waache kusoma na waanze kuuliza. Wengine walimwambia anapoteza muda wa wagonjwa.

Mfuko ulipojaa na kijana alipoinuliwa, binti alikuja na chupa mbili za soda. Moja akampa kijana, nyingine akampa Mama Damu. "Hukutoa damu, bibi, lakini umetushikia mtu."

Mama Damu akaipokea kwa mikono miwili. "Nani alikufundisha kumwuliza mtu jina lake?"

"Mwalimu wetu chuoni."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

Binti akafikiri, akainua mabega, tayari macho yake yakiwa kwa mchangiaji anayefuata. "Sijui, bibi. Ndivyo inavyofanyika tu."

"Ndivyo inavyofanyika tu," Mama Damu akarudia. Akalisema tena kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, akicheka peke yake. Kisha akanywa soda yake yote, akafuta midomo kwa kitenge, akanipa mkono nimwinue.